Je, Utawala Hufundishwa? Habari za Skuli ya Utawala ya Mzumbe

Katika mdahalo wa muhula uliopita hapa shuleni, upande wa kupinga ulisema maneno yaliyoshangiliwa sana. Walisema kwamba udaktari hufundishwa, ualimu hufundishwa, hata useremala hufundishwa, lakini utawala haufundishwi: mtu huchaguliwa au huteuliwa, basi akatawala. Nami nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi. Mwalimu wetu wa Uraia alinyamaza mpaka mdahalo ukaisha, kisha akaniita. "Wewe uliyepiga makofi kuliko wote," akasema, "nenda katafute habari za Mzumbe, uzilete katika gazeti letu." Basi makala hii ni adhabu. Lakini nilipokuwa nikiitumikia adhabu hiyo nilikumbuka jambo lililotupata nyumbani kwetu, na nikaona kwamba mimi, kuliko wenzangu wote, sikupaswa kupiga makofi yale. Nitalieleza mbele.

Msafiri atokaye kwetu Lushoto hushuka barabara ya kona nyingi mpaka Mombo, mwendo wa kilometa 33 hivi, akapita Korogwe, Segera na Chalinze, akafika Morogoro. Hapo hushika njia iendayo Iringa, na upande wa kushoto huona milima ya Uluguru. Chini ya milima hiyo ndipo kilipo Chuo Kikuu Mzumbe. Mojawapo ya sehemu zake kubwa ni Skuli ya Utawala na Menejimenti ya Umma. (Wenzetu wa Unguja wasicheke: kwao skuli ni kama hii yetu, yenye kengele na uji wa asubuhi, huko Mzumbe skuli ni tawi la chuo kikuu.) Wanafunzi wake husomea kazi ya kuendesha shughuli za umma. Wengine husomea uongozi wa serikali za mitaa, wengine utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka, wengine usimamizi wa watumishi.

Skuli hii haikuanza ikiwa ya chuo kikuu. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilifungua hapo Shule ya Serikali za Mitaa, na waliofundishwa kwanza walikuwa machifu, madiwani, na watumishi wa mamlaka za wenyeji. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Tangu miaka ya 1925 na 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, Waingereza waliitawala Tanganyika kwa kupitia wakuu wa asili. Mkuu huyo alikusanya kodi, aliamua kesi ndogo, na alitangaza amri za Bwana Shauri. Kwa kazi hiyo ilimpasa kujua hesabu, barua na sheria. Lakini yafaa tujiulize: hesabu ile alimpelekea nani? Kwa sehemu kubwa ilikwenda juu, kwa Bwana Shauri. Haikuwa desturi kuiteremsha chini na kuwasomea walioitoa kodi yenyewe.

Sisi wa milima ya Usambara twaweza kulielewa jambo hili vizuri zaidi kuliko watu wa mahali pengine, maana mambo yake yalitokea hapa hapa. Kabla ya Wajerumani, nchi hii ilikuwa ufalme wa Wakilindi, makao yake yakiwa Vuga. Wasambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia mtawala. Waliweza kusema kwamba anaiponya nchi, kuzifya shi; au kwamba anaiharibu nchi, kubana shi. Mtawala alipimwa kwa mvua na kwa chakula ghalani. Hakuna aliyemwuliza anajua kuandika au la.

Baadaye, mwaka 1946, Waingereza walianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ukaenezwa hata sehemu nyingine za Usambara. Watu waliamriwa kulima kwa matuta ya kukinga maji. Wazo lenyewe halikuwa la kipumbavu. Milima yetu ni mikali, na mvua ya masika husomba udongo kweli kweli. Kila mtu aliyeona mito yetu mwezi wa Aprili anajua rangi yake. Kosa lilikuwa katika namna ya kulifanya. Kazi kubwa iliwaangukia wanawake, mavuno hayakulingana na jasho, na wengi waliogopa kwamba shamba likishatengenezwa vizuri litachukuliwa na Wazungu. Watu wakakataa. Machifu waliotumwa kuwalazimisha wakapoteza heshima mbele ya watu wao, na kabla ya Uhuru mpango ule ukaachwa.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa msichana mdogo wakati ule. Nilipomwuliza likizoni habari za matuta alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, mimi kazi yangu ilikuwa kumbebea mama jembe. Bwana wa matuta alikuja na kamba na vigingi, akapima, akaondoka. Hakutuuliza hata maji hupita wapi, na sisi tulijua." Jambo la ajabu ni kwamba shamba la bibi leo lina matuta mazuri, nayo aliyachimba mwenyewe miaka mingi baada ya Uhuru, pasipo kuamriwa na mtu.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, karibu robo tu ya kazi za ngazi za juu na za kati serikalini zilishikwa na raia wa Tanganyika. Kwa hiyo shule ya Mzumbe ilipata wanafunzi wa namna nyingine: maofisa wa serikali za mitaa, maofisa wa maendeleo vijijini, na mahakimu wa mahakama za chini. Mwaka 1963 sheria ikauondoa utawala wa machifu, yaani wale wale ambao shule ilijengwa kwa ajili yao. Kisha mwaka 1972 yakatokea mambo mawili pamoja. Shule ya Mzumbe iliunganishwa na Chuo cha Utawala kilichokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikazaliwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ambacho wazee wetu walikiita IDM. Na katika mwaka huo huo serikali ikaanzisha mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zikafutwa. Shule ya serikali za mitaa ilipoteza jina lake mwaka ule ule serikali za mitaa zenyewe zilipopotea! Mimi nadhani si ajabu tu. Chuo cha namna hii hufundisha lile ambalo serikali ya wakati huo yadhani mtawala apaswa kulijua. Serikali ikibadili mawazo, chuo nacho hubadilika.

Mawazo yalibadilika tena. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi mwaka 1984. Wakati huo huo, kuanzia mwaka 1983 mpaka 1986, alikuwako Mzumbe mwanafunzi mmoja kutoka Zanzibar, ambaye kazi yake ya kwanza mwaka 1977 ilikuwa ukarani serikalini, naye akasomea utawala wa umma. Mwanafunzi huyo ni Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano mwezi Machi 2021. Chuo chenyewe kilifanywa Chuo Kikuu kwa sheria ya mwaka 2001.

Wala si Tanzania peke yake. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na Jeanes School huko Kabete; mwaka 1961 mahali hapo pakawa chuo cha utawala, na tangu sheria ya mwaka 2012 ni Kenya School of Government. Ufaransa ilifungua shule yake ya utawala mwaka 1945, baada ya vita, ikatoa marais kadhaa. Kisha watu wakalalamika kwamba wanaotoka shule hiyo wamekuwa kabila la peke yao lisilojua shida za wengine, na mwisho wa mwaka 2021 ikafungwa, ikawekwa nyingine mahali pake. Habari hii ya Ufaransa nitairudia.

Sasa, hufundishwa nini huko? Sheria ni sehemu kubwa. Hapa nitatoa mfano mmoja wa kwetu, kwa kuwa nimegundua kwamba hata katika bweni letu walio wengi hawaujui. Wilaya ya Lushoto ni moja, na Mkuu wa Wilaya ni mmoja. Lakini tangu mwaka 2013 wilaya hii ina halmashauri mbili, ya Lushoto na ya Bumbuli, kila moja na mkurugenzi wake, madiwani wake na mfuko wake wa fedha. Mkuu wa Wilaya ni mjumbe wa Serikali Kuu. Halmashauri ni chombo cha wananchi wa mahali, kinachopitisha bajeti yake kwa mwaka wa fedha uanzao tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Asiyejua tofauti hii atapeleka lalamiko la barabara ya kijiji katika ofisi isiyohusika, atasubiri, na mwisho atasema kwamba serikali haisikii.

Sheria ile ile ya mwaka 1982 yasema pia kwamba mamlaka ya juu katika kijiji ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, na wajumbe wake ni wakazi wote waliotimiza miaka 18. Mkutano huo ndio unaochagua Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 mpaka 25. Afisa Mtendaji wa Kijiji, ambaye watoto humwogopa na watu wazima humwamkia kwa adabu, ni mtumishi wake, ingawa mimi binafsi sijamwona mtu akimtendea kama mtumishi. Mapato na matumizi ya kijiji yapaswa kusomwa mbele ya mkutano huo. Basi ile hesabu ambayo mwaka 1953 ilikwenda juu, kwa sheria ya leo yapaswa kurudi chini pia.

Hapa ndipo nifikapo katika jambo la nyumbani kwetu. Kijiji chenyewe sitakitaja.

Mwaka juzi, nilipokuwa Kidato cha Pili, kitongoji chetu kilikubaliana kujenga chumba cha darasa ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu hadi shule ya zamani. Kaya 140 zilichanga shilingi 10,000 kila moja, jumla yake 1,400,000. Baba yangu alichaguliwa kuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi kwa kuwa ni mtu mwaminifu. Hiyo ndiyo sifa waliyoitaja katika mkutano. Hakuna aliyeuliza kama amewahi kushika daftari la fedha. Hakuwahi. Alizitunza fedha zile ndani ya kopo la maziwa ya unga, na stakabadhi akazichomeka katika Kurani ya marehemu babu, mahali ambapo hakuna wa kuzigusa.

Kuta zilisimama. Lakini siku ya kusoma hesabu, baba alisimama na karatasi yake akasoma: saruji mifuko 40, shilingi 680,000; mchanga malori mawili, shilingi 300,000; fundi, shilingi 232,000. Mtu mmoja akajumlisha katika simu yake, akapata 1,212,000. "Na zile 188,000 ziko wapi?" Baba akasema zimekwisha katika kazi. "Kazi ipi?" Akaanza kueleza, akasahau, akarudia, akachanganya. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na vijana wenzangu. Nilisikia neno moja likipita katika mkutano kutoka nyuma hata mbele, nalo lilikuwa "amekula." Kwa muda wa majuma mawili mama hakwenda gulioni, na mimi niliona afadhali shule ifunguliwe.

Aliyetuokoa ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yetu, binti ambaye alikuwa amemaliza masomo yake Mzumbe miaka michache tu kabla. Alikuja nyumbani jioni, akaamkia, akakaa kwenye mkeka. Hakumwuliza baba kama ameiba. Alisema, "Shikamoo Baba. Nieleze safari ya mfuko mmoja wa saruji, toka dukani hata pale juu ulipotumika." Baba akaeleza: gari lafika barabarani tu, kutoka pale mpaka kwenye jengo ni mlima mtupu, basi vijana walibeba mifuko kichwani. Kwa bei gani? Shilingi 2,000 kila mfuko. Mifuko 40, ni 80,000. Na mchanga? Kina mama walibeba sehemu yao bure, kama ilivyokubaliwa. Lakini debe 200 zilibebwa na vijana wale wale kwa shilingi 300 kila debe. Ni 60,000. Kila alipotaja kitu, yule dada alikiandika, na kesho yake alikwenda kwa vijana hao mmoja mmoja, akawauliza kila mtu peke yake, wakatia sahihi.

Hivyo 140,000 zikapatikana. Zilibaki 48,000, ambazo hata leo hakuna ajuaye zilikwenda wapi. Yamkini ni chai ya mafundi, yamkini ni mfuko uliopasuka ukanunuliwa mwingine, yamkini zilihesabiwa vibaya siku ya kwanza. Yule dada hakuzifunika. Katika mkutano wa pili alisoma kila kitu, akasema wazi kwamba 48,000 hazina maelezo. Baba akauza beberu wetu, akazilipa. Watu walimpigia makofi, lakini nilimwona baba usoni, na najua kwamba makofi yale hayakufuta lile neno.

Nilimwuliza yule dada baadaye, hayo aliyafundishwa au ni akili yake tu. Akaniambia kwamba alifundishwa. Katika masomo ya fedha za umma yako mambo ambayo kwa kuyasikia ni rahisi sana: malipo yasiyoandikwa siku ile ile ni kama hayakufanyika, mtu anayepokea fedha asiwe yeye yule anayezitumia, wala asiwe yeye anayeziandika, na kumbukumbu iwekwe mahali ambapo mtu mwingine aweza kuisoma bila mwenyewe kuwapo. "Baba yako," akasema, "alipewa kazi ya watu watatu. Hata malaika angeshindwa." Kumbe kutenganisha kazi hizo si kumdharau mwaminifu, ni kumkinga, ili siku ya maswali asisimame peke yake. Hata Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa yake husomwa kila mwaka, kwa sehemu kubwa hutafuta yale yale aliyoyatafuta yule dada kwenye mkeka wetu: hati iko wapi, nani aliidhinisha, nani alipokea.

Nawajua wenzangu wa upande wa kupinga. Watauliza: mbona maofisa wengine wamesoma vyuo hivyo hivyo na bado hawasomi hesabu mbele ya watu? Swali hili ni la haki, na sina hila ya kulikwepa. Chuo chaweza kumfundisha mtu jinsi ya kuandaa taarifa; hakiwezi kumnyanyua asubuhi aende mkutanoni. Na habari ya Ufaransa yatuonya kwamba waliosoma sana waweza kusahau waliko watu. Ndiyo maana nauona uzito wa kile kipindi ambacho wanafunzi wa Mzumbe hutumwa nje kujifunza kwa vitendo katika ofisi. Yule dada alinieleza kwamba alipokuwa katika mafunzo hayo alipewa kazi ya kupanga majalada ya zamani, akachukia sana. Akiwa katika kazi hiyo aliona barua ya kijiji kimoja iliyoomba jambo lile lile mara nne, na haikuwa na jibu.

Upande wa pili wa swali hilo ni sisi wenyewe. Katika mkutano wetu wa kwanza watu walijua kujumlisha, lakini hakuna aliyekuwa ameomba kuona daftari miezi mitatu kabla, wakati baba angali anakumbuka. Tulingoja mpaka mwisho, kisha tukakasirika.

Kwa wale watakaotaka kuifuata njia hii: si lazima mtu aanze kwa shahada. Baada ya Kidato cha Nne mwenye ufaulu unaotakiwa aweza kuanza na cheti, akaendelea na stashahada. Kuna Chuo cha Serikali za Mitaa huko Hombolo, Dodoma, na Chuo cha Utumishi wa Umma chenye tawi hata Tanga mjini. Wala tusisahau kilicho mlangoni petu: Chuo cha Uongozi wa Mahakama hapa Lushoto, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1998, kinafundisha watumishi wa mahakama. Zamani mahakimu wa mahakama za chini walikwenda Mzumbe kusoma. Leo vijana wa mikoa mingine hupanda mlima kuja kwetu, na tunawaona sokoni wakilalamika baridi.

Mimi nitajaza fomu yangu mwaka huu. Baba alitaka nisomee uganga, na mpaka likizo iliyopita tulikuwa hatujakubaliana. Siku mbili kabla sijarudi shuleni, wajumbe wa kamati walikuja nyumbani. Darasa lataka kupauliwa, michango yaanza upya, nao walimwomba baba ashike tena fedha. Mama alitoka nje. Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema atakubali endapo atapatikana mwingine wa kuandika na mwingine wa kuidhinisha. Wakakubali. Usiku ule aliniletea daftari jipya la kurasa 96 na rula, akaniomba nimchoree mistari. Nikachora nafasi tano: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, baki. Akaitazama ile ya mwisho, akaniambia niipanue kidogo.